Kasafari: jinsi ya kusafiri karibu na nyumbani ukiwa na kaye na makuta kidogo

Mwaka jana nilikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka kwenda Kasenga, kando ya mto Luapula, karibu kilomita 200 kutoka Lubumbashi, nikakae na wavuvi majuma matatu na kukusanya maneno ya nyavu, mitumbwi na samaki kwa ajili ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Niliandika kila kitu katika kaye: nauli ya kwenda na kurudi, chakula, zawadi ya mkubwa wa kijiji, betri, mashine ndogo ya kurekodi sauti. Mwisho wa ukurasa nikajumlisha. Jumla ilipita karo ya mwaka mzima ya mdogo wangu. Baba aliutazama ule ukurasa kwa muda, kisha akanirudishia kaye bila kusema neno. Nilielewa.

Nikangoja. Miezi mitatu nilikaa Katuba, nikienda Kasapa kwa masomo na kurudi, nikiwaambia wenzangu kwamba "bado natayarisha safari". Ukweli ni kwamba sikuwa natayarisha chochote. Siku moja mwalimu anayeniongoza aliniuliza kazi imefika wapi. Nikamweleza habari ya nauli. Akacheka kidogo, akasema: "Wewe unangoja safari. Kasafari umekajaribu?"

Nilidhani ananidhihaki. Nikiwa njiani kurudi nyumbani, lile neno halikuniacha. Katika makala haya nataka kueleza neno hilo limejengwaje, na jambo lenyewe linafanywaje na mwanafunzi asiye na makuta. Mwishoni nitasema pia nilichopoteza kwa sababu ya kungoja, ili mwenzangu asikipoteze.

Neno lenyewe

Safari ni neno lililotoka Kiarabu, na Kiswahili kimelipeleka mbali duniani. Lakini kasafari ni letu. Katika Kiswahili sanifu, ukitaka kukifanya kitu kidogo, kwa kawaida unatumia ki- na vi-: mtoto anakuwa kitoto, ndege anakuwa kidege, na mji umetupa kijiji. Kiambishi ka- kinasikika pia katika mazungumzo ya Afrika Mashariki, mara nyingi kwa mapenzi au kwa dharau, lakini vitabu vya sarufi hukipa nafasi ndogo.

Hapa Lubumbashi mambo ni tofauti. Tunasema katoto na tutoto, kanyumba na tunyumba. Hii ndiyo ngeli ya 12 na ya 13 ya lugha za Kibantu, na tumezungukwa na lugha zinazoitumia kila siku: Kiluba kina ka- na tu-, Kibemba na Kilamba vina aka- na utu-. Watu walipokuja kufanya kazi mjini, kila mmoja na lugha ya mama yake, Kiswahili chao kilibaki na kitu ambacho Kiswahili cha pwani kilikuwa kimekiacha. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayesema kasafari hafanyi kosa. Anatumia mali ya zamani.

Sasa ona maana yake. Ka- haisemi tu kwamba kitu ni kidogo. Inasema pia kwamba kitu kiko karibu nawe, unaweza kukishika. Mama akisema "katoto kangu", hapimi urefu wa mtoto. Hivyo kasafari si safari iliyokosa pesa. Ni safari ya namna yake: unatoka asubuhi, unarudi kabla ya giza, unakwenda mahali unapopapita kila siku, ila safari hii unakwenda na swali.

Kasafari ka kwanza: majina mlangoni mwa taksibasi

Nilianza na kitu rahisi. Swali langu lilikuwa: majina ya mitaa yetu ni ya lugha gani? Nikapanda taksibasi, nikakaa karibu na mlango, nikaandika kila jina ambalo yule kijana anayeita abiria alilitaja.

Bel-Air nimeisikia tangu utoto. Ni Kifaransa, maana yake hewa nzuri. Hewa Bora pia nimeisikia tangu utoto. Siku ile tu, miaka 23 baada ya kuzaliwa katika mji huu, niliyaandika majina hayo mawili kwenye mstari mmoja na kuona kwamba yanasema jambo lilelile katika lugha mbili. Nikamwonyesha mama aliyekaa kando yangu. Akasoma, akapiga kofi, akamwita mwenzake wa kiti cha nyuma: "Angalia, ni moja tu!" Mpaka tunashuka, taksibasi nzima ilikuwa inatafuta majina mengine.

Kisha nikaandika Kenya, na nikaandika Kigoma. Jina la kwanza ni la nchi nzima, la pili ni la bandari ya Tanzania kwenye ziwa Tanganyika. Kwa nauli ya siku moja, bila paspoti, nilikuwa nimepita kote. Nikaandika pia majina yaliyoondoka. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, jina la malkia wa Ubelgiji. Kamalondo iliitwa Albert, jina la mume wake aliyekuwa mfalme. Mwaka 1966 jina la malkia liliondolewa, na mji ukachukua jina la mto. Malkia alikaa miaka 56 katika barua na ramani, lakini mto ulikuwepo kabla yake.

Siku ile nilitumia nauli ya kwenda na kurudi, na maji ya kunywa. Nilirudi na majina 31.

Kasafari ka pili: soko na reli

Juma lililofuata nilikwenda sokoni Kenya kwa miguu. Swali langu: mboga ninazokula kila siku zinaitwaje, na majina hayo yametoka wapi? Nilikuwa sijaandika hata maneno matano mama mmoja aliponikazia macho.

"Papa, uko naandika nini? Uko wa serikali?"

"Hapana, mama. Niko mwanafunzi. Niko natafuta majina ya mboga."

"Basi andika lumanda. Halafu ununue, juu jina peke haishibishi muntu."

Nilinunua fungu la lumanda, majani machachu ambayo mama yangu huyapika na karanga. Baada ya hapo milango ilifunguka. Sombe, majani ya muhogo. Matembele, majani ya viazi vitamu. Lengalenga, ambayo mtu wa Dar es Salaam angeiita mchicha. Bowa, ambao kitabu cha shule kinauita uyoga, unaoletwa kwa wingi kutoka msituni mvua zikianza. Munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachopata ladha yake kutoka kwenye mizizi ya mmea, na ambacho kinanyweka pia ng'ambo ya mpaka, Zambia. Meza moja ya mboga ilikuwa na historia ya watu wengi kuliko darasa letu.

Katika kurudi nilifuata reli. Watu wa hapa huiita njanja. Nililitumia neno hilo miaka yote nikidhani ni la mitaani tu. Lakini ukitazama kusini, Kibemba na Kishona vina njanji kwa maana ileile. Na hilo si ajabu kwa anayejua historia: mwaka 1910 reli ilifika hapa kutoka kusini, kutoka Rhodesia, si kutoka Kinshasa wala kutoka bahari ya Hindi. Mwaka uliofuata shaba ya kwanza ilianza kuyeyushwa. Reli ilileta mashine, watu na maneno yao. Treni nyingi zimenyamaza, lakini njanja bado inatembea midomoni.

Nilijifunza jambo la tatu siku ile bila kulitafuta. Kila nilipouliza kuhusu neno, watu walinijibu: "Hapa tunasemaka vile." Nilirudi nyumbani na ile -ka ya mwisho wa kitenzi ikilia masikioni. Tunasema ni kwa sasa. Tunasemaka ni desturi, jambo la kila siku. Kiswahili sanifu kingesema "ndivyo tusemavyo" au "huwa tunasema". Sisi tumeweka desturi ndani ya kitenzi chenyewe, mwishoni kabisa. Nimekisema kiambishi hicho maisha yangu yote, na katika mitihani nimekatwa alama kwa ajili yake. Sikuwa nimewahi kukaa chini na kujiuliza kinafanya kazi gani.

Kasafari ka tatu: nyuma ya lupango letu

Kasafari ka tatu kalikuwa kafupi kuliko yote, hatua kama mia mbili. Nyuma ya lupango letu aliishi nkambo mmoja, mama mzee ambaye sisi watoto tulimsalimu kila asubuhi na kupita. Nilijua kwamba alizaliwa katika kijiji kando ya mto Kafubu na kwamba lugha yake ni Kilamba, lugha ya watu waliokuwa hapa kabla ya reli na kabla ya malkia. Nilijua, lakini nilikuwa napanga kwenda kilomita 200 kutafuta maneno ya mto.

Nilimpelekea sukari na sabuni. Nikamuuliza majina ya mito. Akayataja akihesabu kwa vidole, na mimi nikaona kitu ambacho ramani ilikuwa inanionyesha siku zote: Lubumbashi, Lufira, Luapula, Lualaba. Ukiendelea mbele kwenye ramani ya nchi unapata Luvua, Lubudi, Lukuga, Lulua. Mito mingi inaanza na lu-. Ni ngeli ya 11, ambayo katika lugha nyingi za Kibantu huhusishwa na vitu virefu. Kiswahili sanifu kimeipoteza l yake, kikabaki na u- tu: ulimi, uzi, ukuta. Kibemba kinasema ululimi, Kiluba kinasema ludimi. Ulimi ulio kinywani na mto unaopita bondeni viko katika nyumba moja ya sarufi.

Nkambo alitamka Luashi pale ambapo vibao vinaandika Ruashi. Nikamuuliza juu ya hiyo r. Akacheka: "Ile ni ya makaratasi." Ni kweli kwamba Kilamba, kama Kibemba, hakitenganishi l na r kama Kifaransa kinavyofanya.

Kisha akanituma. Akasema, kama nataka maneno, nisikae kwenye kiti chake, niende nikatazame vichuguu. Mtu wa Lubumbashi anavijua: vilima vya mchwa vinavyopita urefu wa nyumba, vyenye miti juu yake, ambavyo watu huvichimba udongo wa matofali. Nilipanda kimoja nje ya mji, na kwa mara ya kwanza niliuona mji wangu kutoka juu: lile bomba refu la moshi la kiwanda, kilima cheusi cha mabaki ya shaba, mabati ya Katuba. Niliporudi alinipa ichulu, yaani kichuguu chenyewe, kisha akaanza kunipa maneno ya sehemu zake, ya udongo wake, ya mchwa wanaoruka mvua ikianza. Mara tatu nilimtembelea. Mara ya tatu aliniuliza:

"Weye ulikuwa napita hapa kila siku. Juu ya nini haukuuliza?"

Sikuwa na jibu.

Namna ya kufanya

Baada ya tusafari kumi na moja, haya ndiyo ninayoyafuata. Si sheria, lakini yamenisaidia.

Kwanza, beba swali moja tu. Ukitoka na maswali kumi utarudi na picha za simu na uchovu. Swali moja lina nguvu ya kukugeuza upande wa kushoto pale ambapo kila siku unageuka kulia.

Pili, chagua umbali unaoweza kurudi kwa miguu, hata kama umekwenda kwa taksibasi. Nauli ikiisha, kasafari kasigeuke taabu. Kipushi, iliyo kilomita kama 30, kwangu ni mwisho wa mbali, na nilikwenda siku moja tu, tukiwa watatu.

Tatu, sema wewe ni nani kabla ya kufungua kaye. Beba karatasi yako ya mwanafunzi. Usipige picha karibu na migodi, reli, uwanja wa ndege au majengo ya serikali. Kaye haimwogopeshi mtu kama simu inavyomwogopesha. Dada zetu wa kitivo wameniambia, na wana haki, kwamba wao hutembea wawiliwawili na hurudi jua likiwa bado juu. Sisi vijana wa kiume tufanye vilevile.

Nne, nunua kitu kidogo. Anayekupa neno anaacha kazi yake kwa ajili yako. Katika tusafari twangu twote sikuzidisha faranga 5,000 kwa siku, na nusu ya hizo ilikwenda kwenye mboga tulizokula nyumbani jioni.

Tano, andika jioni ileile: tarehe, mahali, neno kama lilivyosikika, nani alilisema, anazungumza lugha gani, ana umri wa kadiri gani. Neno lisilo na mwenyewe ni kama barua isiyo na sahihi.

Sita, rudisha. Wasomee watu ulichoandika. Yule mama wa lumanda alinisahihisha maneno manne, na sasa huniita "mwalimu wa mboga".

Hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1965, watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu katika mji huu walitaka historia ya mji iandikwe kwa macho yao. André Yav aliiandika kwa Kiswahili cha hapa hapa, chini ya kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Johannes Fabian, ambaye alifundisha katika chuo chetu miaka ya sabini, aliitoa kitabuni mwaka 1990, na leo inasomwa katika vyuo vya mbali. Waliyoyaandika yalikuwa maisha yao, barabara zao na kazi zao. Hawakungoja mtu awape nauli.

Nilichopoteza

Nimeahidi kusema nilichopoteza. Baada ya kumtembelea nkambo mara ya tatu, nilijiambia kwamba sauti yake inastahili mashine nzuri, si simu yangu iliyopasuka kioo. Nikaanza kuweka pesa kidogo kidogo. Ilikuwa ileile tabia ya kungoja, ila sasa ilikuwa imevaa nguo nyingine. Majuma sita yalipita. Siku moja ya mvua niliona mlango wake umefungwa kwa kufuli. Mtoto wake wa kiume alikuwa amekuja usiku na gari, akamchukua kwenda kuishi naye Kolwezi, maana miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Hakuna aliyekosea. Mtoto mwema hufanya hivyo.

Kolwezi ni karibu kilomita 300. Mtu aliyekuwa hatua mia mbili kutoka kitandani kwangu sasa yuko mbali kuliko Kasenga.

Ninayo maneno yake 43. Nimeyanakili mara mbili, nakala moja iko katika kabati la kitivo. Sina sauti yake. Sijui kama nitakuwa na nauli ya Kolwezi kabla ya miguu yake kuzidi, na kwa hiyo nimeanza kumpigia simu ya mtoto wake siku za Jumapili, dakika chache, neno moja au mawili kwa mara. Wakati mwingine mtandao unakatika katikati ya neno. Hilo nalo naliandika, pamoja na tarehe.

Kazi yangu ya kumaliza masomo sasa inahusu majina ya mahali na ya udongo katika Katuba na kando ya Kafubu. Mpango wa Kasenga haujafa, na siku moja nitaona Luapula. Lakini nimejifunza kwamba kilicho karibu hakikai pale kikitungoja kwa sababu tu kiko karibu. Kinazeeka, kinahama, kinachimbwa na kufanywa matofali. Safari kubwa inaweza kuahirishwa mwaka mmoja bila hasara. Kasafari mara nyingi hakawezi.

Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, ninaondoka Katuba kwa miguu kufuata mto Lubumbashi kuelekea Kafubu. Swali la siku: watu wanaolima mboga kando ya maji wanaziitaje aina za udongo? Atakayependa kuja alete maji yake, kaye yake na biki mbili, maana moja huisha wino. Na kama katika lupango lenu kuna nkambo, anza na huyo. Tutakungoja Jumamosi nyingine.